Feni za Sola Kwenye Kivungulio cha Nyumbani, Mombasa: Hatua kwa Hatua

Hamjambo watazamaji, na karibuni. Leo tunafunga feni mbili za sola kwenye kivungulio cha uani (nyumba ya nailoni ya kukuzia mimea) chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha wastani cha mita 2.2. Viandike vipimo hivyo, maana karibu kila tutakachonunua kinatokana navyo.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya feni. Feni haipoezi hewa. Inaitoa hewa iliyochemka ndani na kuvuta ya nje, basi. Nje ikiwa nyuzi joto 32, kama ilivyo Mombasa mwezi wa pili, ndani hakutakuwa 30 hata ufunge feni kumi. Ukifanya kazi nzuri utapata 34 au 35, badala ya 45 na ushei za kivungulio kilichofungwa. Kwa mchicha, bamia, pilipili na matango hapo panatosha. Nyanya ni ngumu zaidi, kwa sababu joto la mchana likikaa juu ya nyuzi 32 siku nyingi, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Tafuta mbegu inayostahimili joto, kisha hesabu siku ili maua yatoke kati ya Juni na Agosti, wakati wa baridi yetu ya Pwani.

Neti ya kivuli inatangulia feni. Tandika ya asilimia 30 hadi 50 juu ya paa, ikiwezekana iinuliwe kidogo isilale juu ya nailoni, ili hewa ipite katikati. Ukifunga feni bila kivuli unatumia sola kutoa joto ambalo ungelizuia lisiingie. Na zile pedi za kumwagiwa maji, zinazopendeza kwenye video za nchi zenye hewa kavu, hapa ziache. Hewa ya Mombasa tayari imebeba maji mengi. Utapunguza nyuzi chache tu na kuwakaribisha ukungu na kuvu.

Sasa hatua ya kwanza, ambayo ndiyo inayoharibu vivungulio vingi: kuchagua upande wa feni. Kusi hutoka kusini-mashariki. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Angalia vizuri: pepo zote mbili zinatoka upande wa mashariki, na hata upepo wa mchana unaotoka baharini ni huko huko. Kwa hiyo dirisha la kuingizia hewa liwe mashariki na feni zitoe magharibi. Ukizigeuza, feni itashindana na kusi kutwa nzima, na kusi itashinda. Feni inatakiwa iusaidie upepo, na kazi yake kubwa ni siku zile za tanga mbili, pepo zinapobadilishana na hewa ikasimama kama imefungwa kamba.

Ila nyumba zetu zimebanana, na ukuta wa mawe unaweza kuugeuza upepo. Kabla ya kukata nailoni, funga kipande chembamba cha leso juu ya mti kimo cha mita 2, ukitazame asubuhi, mchana na jioni kwa siku mbili. Ukiona kinapepea kuelekea mashariki kwa sababu ya kichochoro cha jirani, fuata leso, usifuate ramani.

Hatua ya pili, hesabu ya feni. Nne mara tatu mara 2.2 ni mita za ujazo 26.4. Kwa joto letu hewa yote ibadilishwe mara moja kila dakika, yaani mara 60 kwa saa: kama mita za ujazo 1,600. Lakini namba iliyo kwenye kibandiko imepimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote. Ukiweka wavu wa wadudu inapungua kwa robo hadi theluthi. Kwa hiyo nunua feni mbili za volti 12, zenye upana wa sentimita 30 hivi, kila moja iwe imeandikwa mita za ujazo 1,200 kwa saa na isile zaidi ya wati 36. Kibandiko kikitumia CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha kwa 1.7: CFM 700 ni karibu 1,200.

Wengi huuliza kuhusu feni ya rejeta ya gari kutoka kwa maduka ya spea. Inavuma kweli, lakini nyingi zinakula wati 80 au zaidi, na mota yake ina brashi za kaboni zilizotengenezwa kuwaka na kuzimika, si kuzunguka saa nane kila siku. Brashi huisha mapema. Mota isiyo na brashi ni ghali zaidi siku ya kununua na inakutunza baadaye.

Hatua ya tatu, dirisha la hewa. Ukuta wa mashariki, sentimita 40 kutoka chini, kata mita moja kwa mita moja. Ndiyo, kubwa hivyo. Wavu mzito wa kuzuia inzi weupe umeziba zaidi ya nusu ya nafasi, kwa hiyo tundu dogo halitatosha. Pigilia wavu kwenye fremu ya mbao, ukunje kingo mara mbili ili inzi wasipate mwanya. Feni ziwe ukuta wa magharibi, kimo cha mita 1.8, kila moja kwenye fremu yake iliyoshikwa na nguzo. Nguzo za mvinje zinafaa, mradi sehemu inayoingia ardhini imepakwa dawa ya mchwa. Usiishike feni na nailoni peke yake. Mtetemo utaichana kwa wiki chache. Nyuma ya feni weka wavu wa chuma, maana watoto wana vidole na uani ni kwao.

Hewa inaingia chini mashariki, inapita kwenye majani, inapanda na kutoka juu magharibi. Mlango wa kivungulio ukiwa karibu na feni lazima ufungwe, kwa sababu hewa huchukua njia fupi. Mlango ukiwa wazi feni itavuta kutoka mlangoni na mimea ya mashariki itaungua huku feni zikinguruma. Vivyo hivyo na mapazia ya pembeni: kusi ikivuma, yakunje juu na uzime feni, hewa ikisimama, yashushe na uwashe. Kama kuta zako zote ni neti tupu, feni ya kutoa hewa haina kazi. Hapo ning'iniza feni ndogo ndani za kuzungusha hewa tu.

Hatua ya nne, umeme. Wati 72 kwa saa saba za jua ni wati-saa 504. Ongeza saa moja ya usiku, ambayo tutaifikia, upate 576. Paneli ya wati 200 yenye kontrola (kidhibiti cha chaji ya betri) ya kawaida ya aina ya PWM itakupa kama 600 kwa siku ya jua zuri. Soma nyuma ya paneli: Vmp, yaani volti ya paneli ikitoa nguvu yake yote, iwe kati ya 17 na 20. Kuna paneli kubwa za volti 30 zinazouzwa kwa bei ya kuvutia, lakini kwa PWM karibu nusu ya nguvu yake inapotea. Betri iwe ya jeli, volti 12, ampea-saa 50, na usiitumie zaidi ya nusu. Kontrola ya ampea 20.

Je, feni haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na paneli? Inaweza, ikiwa imeandikwa inakubali hadi volti 24. Paneli ya volti 12 bila mzigo hutoa 21 au 22, na feni ndogo ya volti 12 kwenye paneli kubwa huungua. Betri inashikilia volti kati ya 11 na 14.4, na hiyo ndiyo faida yake ya kwanza.

Paneli ielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua hupita juu ya kichwa, kwa hiyo mwinamo huu ni zaidi wa kuosha vumbi mvua ikinyesha. Hofu kubwa ni mnazi. Kuti moja likitia kivuli kwenye seli chache, nusu ya paneli inaweza kurukwa, volti ikashuka hadi 9, na betri ya volti 12 isipokee kitu. Si kwamba chaji imepungua, imekwisha kabisa. Na nazi nayo ikianguka, kioo hakina salama. Simama hapo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uone kivuli kinapita wapi.

Waya. Ampea 6 kwa mita 10 kwenda na 10 kurudi: waya wa milimita 1.5 za mraba unapoteza karibu volti moja na nusu, na feni inavuta kwa uvivu. Tumia wa milimita 4 za mraba, upotevu unashuka hadi nusu volti.

Sasa tuunganishe. Funika paneli kwa gunia. Anza na betri kwenye kontrola, ikiwa na fyuzi ya ampea 15 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Halafu paneli. Mwisho mzigo, yaani vinavyotumia umeme: feni na themostati. Ukitaka kufungua, rudi kinyume: mzigo, paneli, betri. Ukiunganisha paneli kabla ya betri, kontrola nyingi zinakosa kutambua volti ya mfumo na nyingine zinaungua.

Themostati, inayowasha na kuzima feni kwa kufuata joto, ni kile kibao kidogo cha W1209. Kamera isogee hapa. Unaona vituo vinne: K0, K1, +12V na GND. Chanya ya mzigo ya kontrola iingie +12V, na kipande kingine kiende K0. Hasi iende GND. K1 na K0 ni swichi tu, na ingawa relei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) imeandikwa ampea 10, usiipitishie feni mbili kutwa. Nyuzi za shaba kwenye kibao ni nyembamba na zinapata moto. Weka relei ya gari ya pini nne. K1 iende pini 86, pini 85 iende hasi. Pini 30 ipokee chanya kupitia fyuzi ya ampea 10, na 87 ipeleke kwa feni. Hasi za feni zirudi kwenye hasi ya mzigo ya kontrola.

Kwenye mipangilio, P0 iwe C, maana unapooza. P1, yaani tofauti kati ya joto la kuwasha na la kuzima, iwe 2. Joto la kuwasha weka 31. Feni zitawaka 31 na kuzimika 29. Maelekezo mengi husema 25. Mombasa usiweke 25, kwa sababu msimu wa joto hata usiku wa manane nje huwa hapo hapo, na feni hazitapumzika mpaka betri iishe. Sensa ining'inie katikati ya mimea, kimo cha majani ya juu, ndani ya kikombe cheupe cha plastiki kilichogeuzwa na kutobolewa. Ikipigwa na jua inasoma uongo wa nyuzi kadhaa.

Ile saa moja ya usiku ni ya umande. Alfajiri majani hulowa, na hapo ndipo ukungu unapoota. Themostati haitawasha kwa sababu hakuna joto, basi weka taima ya volti 12, swichi yake iunganishwe sambamba na K0 na K1, waya mmoja kila upande. Iwashe nusu saa saa tisa usiku na nusu saa saa kumi na moja alfajiri. Taima husoma saa 24, kwa hiyo andika 03:00 na 05:00. Wengi huandika 09:00 na 11:00 kisha wakalalamika feni haziamki.

Kila kitu kikae kwenye boksi la plastiki lisiloingia maji, waya ziingie kwa chini. Chumvi ya bahari hula shaba. Mwisho wa kila waya upake mafuta ya mgando, boliti ziwe za stenlisi, na kati ya fremu ya alumini na chuma tia washa ya mpira.

Jaribio. Washa feni, washa kijiti cha udi, ukishike mbele ya dirisha la mashariki. Moshi unatakiwa uingie moja kwa moja, ulale juu ya mimea, upande kuelekea feni. Ukiyumba pale dirishani tu, hewa haitoshi. Tazama na nailoni: ikinywea ndani kama mashavu ya anayevuta dafu kwa mrija, dirisha ni dogo, lipanue. Na kama moshi unarudi usoni, feni imegeuka. Ifungue uifuate mishale iliyochorwa kwenye mwili wake. Usiirekebishe kwa kubadilisha chanya na hasi, maana feni isiyo na brashi inaweza kuharibika.

Baada ya wiki, pima saa nane mchana ndani na nje kivulini. Tofauti ya nyuzi mbili tatu ni nzuri. Ikizidi tano, angalia wavu kabla ya kuilaumu feni: vumbi na chavua huuziba. Uoshe kila wiki mbili kwa brashi laini na maji ya sabuni. Paneli ifutwe kila wiki kwa maji baridi, mapema kabla kioo hakijapata moto, kwa sababu kunguru wa Mombasa huiona paneli kama kituo chao, na doa la kinyesi chao linaweza kufanya kama kile kivuli cha kuti.