Na Sisi Tuwe Wageni
*Mazungumzo na vijana wanaojifunza kazi ya kutembeza wageni, Chake Chake, Pemba*

Assalamu alaykum. Walimu, wazee wangu mliokuja kutusikiliza, na nyinyi wanangu mnaojiandaa kuifanya kazi hii, nakushukuruni kwa kunialika.

Nimetakiwa nizungumzie safari za nje zilizonikaa moyoni. Nitazisimulia, ila zote zinanipeleka kwenye jambo moja: mtembeza wageni mzuri ni yule aliyewahi kuwa mgeni mwenyewe, akala chakula cha watu, akaonyeshwa mnyama asiyemjua na mtu anayempenda mnyama huyo. Sisi tumezoea kupokea. Tukisafiri, tunakwenda kibiashara, kimatibabu, kimasomo, au Mungu akijaalia, hija. Safari ya kwenda kutazama tu tunaiona ni mambo ya Wazungu. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo.

Chukueni Oman. Nani humu hana jamaa kule? Ukifika Muscat Kiswahili hukikosi, tena kwa lafudhi ya Unguja na ya hapa petu. Lakini tukenda tunaishia sebuleni kwa jamaa na madukani, kisha tunafunga mizigo. Mimi niliwaomba wenyeji wangu wanipeleke Ras al-Jinz, kule ncha ya mashariki ya Bara Arabu, ambako kasa hupanda pwani usiku kutaga.

Nataka mkisikilize kisa hiki kwa makini, kwa sababu ni kazi yenu. Muongozaji hakutuongoza moja kwa moja ufukweni. Alitangulia mwenzake, sisi tukasubiri, na tulisubiri sana. Kasa anayepanda ufukweni hushtuka haraka. Akiona taa au watu kabla hajaanza kutaga, hugeuka akarudi baharini. Akishaanza kudondosha mayai, hapo hutulia. Basi tulipoitwa tulikwenda kwa nyuma yake, kimya, kundi dogo, na tochi ilikuwa moja tu, ya mwanga hafifu, imemulika shimo alilolichimba. Mayai yalikuwa yakidondoka mawili, matatu, meupe, yana ute. Kwa kawaida hufika mia moja hivi. Alipomaliza akaanza kufukia kwa makasia yake, mchanga unaturukia magotini. Yule kijana akatueleza kwa sauti ya chini kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua watoto watakuwa majike au madume, na kwamba kiasi cha miezi miwili ijayo watatoka wenyewe, bila mama, waelekee baharini.

Picha zilikatazwa. Mtu mzima mwenye simu ya bei kubwa aliiweka mfukoni na akaiacha humo. Naamini hiyo ni sababu moja ya mimi kukumbuka kila kitu mpaka leo: nilitazama kwa macho yangu.

Sasa jiulizeni, kasa hawa ni wa Waarabu peke yao? Misali, hapo magharibi mwetu, kasa hutaga. Kisiwa kile kimekuwa eneo la hifadhi tangu 1998. Wangapi humu wamewahi kuona kasa akitaga? Inueni mikono. Ndiyo hayo ninayoyasema.

Tuje kwenye chakula, maana mgeni husahau jina la hoteli lakini hasahau alichokula. Katika safari hiyo hiyo nilipelekwa kijijini wakati wa Idi. Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Wete, kaondoka huku akiwa msichana. Nyama ya mbuzi ilikuwa imepakwa thomu, bizari nyembamba, giligilani, iliki, siki, na karafuu. Bibi yule alininusisha ile karafuu kabla ya kuitwanga, akaniangalia, hakusema kitu. Nyama ikazongwa kwa majani makavu ya mgomba, ikatiwa katika mfuko wa makuti na kufungwa kwa kamba. Shimo huwa la kijiji kizima, limejaa makaa. Kila nyumba huleta mfuko wake umetiwa alama ili isije ikachanganyika, yote hushushwa pamoja, shimo hufunikwa na kuzibwa kwa udongo pasitoke hata moshi. Huachwa humo siku nzima, pengine mbili. Ndiyo shuwa.

Siku ya kufukua, wanaume walivuta mifuko, watoto wanasoma alama na kupiga kelele za majina. Nyama ilikuwa inaachana na mfupa kwa kuguswa tu. Niliipenda sana, lakini nilichokipenda zaidi ni kwamba walinipa kazi. Nilishika kamba, nilizoa udongo. Hakuna aliyeniweka kwenye kiti akaniletea sahani.

Bwindi, Uganda, nitapitia kwa haraka. Sokwe wa milimani, yaani gorila, walikaribia kumalizika, na sasa duniani wamevuka elfu moja kidogo. Kundi moja la sokwe hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja, basi. Watafutaji wanatangulia alfajiri kufuata nyayo kutoka pale sokwe walipolala jana. Saa ikimalizika mnaambiwa tuondoke, hata kama ndio kwanza mtoto wa sokwe ameshuka mtini. Wageni hawakunung'unika. Kikomo kile kiliwafanya wathamini kila dakika.

Hapa petu tuna popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote ulimwenguni, mabawa yake yakitandazwa yanapita mita moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebakia wachache mno, kwa kuwindwa kwa ajili ya nyama na kwa kukatwa misitu. Wanavijiji wakaamua kuwalinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu mengi. Wale wa Kidike wanaishi juu ya miti pembezoni mwa nyumba za watu! Hawa hawatumii mwangwi wa sauti zao kujua njia kama popo wadogo. Hutafuta maembe na matunda ya msituni kwa macho na pua, na mbegu wanazoziangusha ndizo zinazootesha miti mingine. Haya ni maelezo ya dakika tano yanayomfanya mgeni amuone mnyama, wala si kundi la vitu vyeusi mtini. Lakini mara nyingi nimeona gari linasimama Kidike, wageni wanapiga picha, wanaondoka kuwahi pahala pengine, kwa kuwa ratiba imejazwa vituo vinane.

Punguzeni vituo. Msimu wa karafuu mpelekeni mgeni nyumbani jioni, familia imekaa jamvini inachambua, akae naye achambue, vidole vinuke. Mpeni mbuzi akune nazi ya wali atakaoula yeye mwenyewe. Msimpeleke kula chipsi hotelini kwa kuogopa kwamba chetu hakitamfaa.

Kwa walimu nina ombi, na nitalisimamia mwenyewe nikikubaliwa. Kabla ya kumpa kijana cheti, mpelekeni safari moja akiwa mgeni kamili. Anayeweza kuvuka mpaka avuke. Asiyeweza apande meli tu aende msitu wa Jozani, Unguja, akatazame kima punju, aongozwe na mtu wa kule, alale Makunduchi au Jambiani, ale chakula cha nyumbani. Akirudi aandike alichoonyeshwa na namna alivyoonyeshwa, na ayasome mbele ya wenzake. Nauli ya wanafunzi watatu wa kwanza naitoa mimi. Karibuni maswali.