Dhima si chanzo: Durkheim, utani na swali la "kwa nini"

Hatua tatu za Comte, mwasisi wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, mlishafundishwa, sitazirudia. Nimekuja na jambo ninalolisema kila nikipewa jukwaa, na nalisema tena kwa sababu karatasi za mtihani zinaonyesha halijaingia: dhima ya kitu, yaani kazi kinayoifanya katika jamii, si chanzo chake.

Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliliweka wazi mwaka 1895, alipoandika kanuni za mbinu ya sosholojia. Kuonyesha jambo linasaidia nini hakuelezi limetokeaje. Tafuta kwanza sababu iliyolileta, kisha dhima yake. Ni kazi mbili, na kila moja ina ushahidi wake.

Chukueni utani. Wafiwa wanalia, mtani anaingia kavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake. Kaburi likishachimbwa anashuka, analala humo, hatoki mpaka apewe chochote. Na marufuku kukasirika! Mwaka 1940 Radcliffe-Brown, mwanaantropolojia wa Uingereza, aliandika makala kuhusu mahusiano ya namna hii. Hoja yake ni kwamba pande mbili za watani zina kinachoziunganisha na kinachozitenganisha kwa wakati mmoja, na mzaha usioruhusiwa kujibiwa kwa hasira unaziwezesha kuishi na vyote viwili. Hoja nzuri, naikubali.

Lakini kwa nini Mhehe awe mtani wa Mngoni? Hapo dhima haisemi kitu. Wazee watakutajia vita vya karne ya 19, walivyouana wakaheshimiana. Na Mnyamwezi na Mzaramo? Hapo utasikia habari za misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka pwani ikikatiza Uzaramo. Huku vita, huku biashara, na dhima ni ileile! Sasa mwanafunzi ananiandikia kwamba utani "ulianzishwa ili kupunguza uhasama". Ulianzishwa na nani? Katika kikao gani?

Kuna atakayesema hii ni antropolojia. Radcliffe-Brown alijengea juu ya Durkheim, Parsons, mwanasosholojia wa Marekani, naye vilevile. Ukoo ni mmoja, na mpaka wa idara haubadilishi hoja. Mwingine atasema pozitivizimu, yaani msimamo wa Comte kwamba jamii ichunguzwe kisayansi, inataka takwimu, simulizi za wazee si data. Nani kawaambia? Comte alitaja uchunguzi, jaribio na ulinganishi, kisha akaongeza mbinu ya historia, akaiona ndiyo hasa ya sosholojia. Simulizi ya mzee hupimwa kwa simulizi nyingine na kwa nyaraka, kama ushahidi wowote.

Naona naonyeshwa saa. Mahitaji manne ambayo Parsons alisema kila jamii lazima iyatimize nayaruka. Merton, 1949, dhima dhahiri (iliyokusudiwa) na dhima fiche (isiyokusudiwa): mtasoma wenyewe. Ila Davis na Moore, wanasosholojia wa Marekani, siwaachi. Mwaka 1945 walidai tofauti za malipo na hadhi zipo ili nafasi muhimu zipate watu wenye uwezo. Kosa ni lilelile, na safari hii linaumiza watu, maana mwenye mshahara mdogo anaambiwa udogo wake ni hitaji la jamii. Tumin, mwanasosholojia mwenzao, aliwajibu mwaka 1953: umuhimu wa kazi mnaupimaje bila kuchungulia malipo yake? Na vipaji vya waliofungiwa mlango mmevihesabu wapi?

Kwa semina, kila mmoja alete utani mmoja wa kwao. Chanzo ukurasa wake, dhima ukurasa wake. Atakayevichanganya nitamrudishia aandike upya.