Eilikrineia: weupe wa moyo unaokubali kukaguliwa

(Mhadhara kwa watumishi wa sharika, Moshi)

Bwana Yesu asifiwe! Wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, nimepewa neno moja tu la Kigiriki, eilikrineia. Katika Agano Jipya limo mara tatu, zote katika nyaraka za Paulo kwa Wakorintho. Kwa Kiswahili tumezoea kulisoma kama “weupe wa moyo”.

Kwanza tuondoe hadithi moja njiani. Mmeisikia: wachonga sanamu wa zamani waliziba nyufa za marumaru kwa nta, ndipo fundi mwaminifu akatangaza kazi yake ni “bila nta”. Hadithi hiyo inahusu neno la Kilatini, sincerus, yaani mnyofu, eti limetokana na sine cera, “bila nta”. Paulo aliandika Kigiriki. Na hata kwenye Kilatini chenyewe wataalamu wa lugha hawaikubali. Kumbe tumekuwa tukihubiri unyofu kwa hadithi ya kughushi! (Kicheko.)

Nusu ya pili ya neno letu inatoka kwenye krino, kupima na kuamua. Nusu ya kwanza wengi huihusisha na joto au mwanga wa jua, ingawa ubishi haujaisha. Matumizi yake ndiyo hayana utata: Plato, mwanafalsafa Mgiriki wa karne nne kabla ya Kristo, alitumia kivumishi chake kwa kitu safi kisichochanganywa na kingine. Wanaoshikilia habari ya jua watapata mashahidi kwa madalali wa tanzanite. Jiwe halinunuliwi kwa kuangaliwa gizani. Linatolewa nje, linageuzwageuzwa juani, ufa wa ndani unatafutwa, ndipo bei itajwe.

Sasa fungueni 2 Wakorintho 2:17. Hapo Paulo anaweka eilikrineia dhidi ya watu wanaolichuuza neno la Mungu. Kitenzi chake kinatokana na kapelos, mchuuzi wa rejareja, na hasa muuza mvinyo. Isaya 1:22, katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, inawataja wachuuzi hao hao wakichanganya mvinyo na maji. Kwa hiyo kinyume cha weupe wa moyo hapa ni biashara: kupunguza makali ya neno ili wateja waongezeke. Mkifikiria chupa za maji ya upako na bei zake, mimi sijataja mtu.

Wengi wetu tunadhani unyofu ni hisia, kwamba nikilia madhabahuni basi mimi ni mkweli. Wakorintho hawakumuuliza Paulo kama analia. Walilalamika kwamba alibadili safari yake, na wengine walishuku nyaraka zake. Anawajibu katika sura ya 1: hatuwaandikii kitu kingine ila hicho mnachokisoma. Yaani hakuna barua chini ya barua. Kuhusu posho, alikuwa ameshona mahema pale Korintho pamoja na Akila na Prisila, akakataa kuwalemea, ingawa alipokea msaada kutoka Makedonia na hakuuficha.

Lakini sura ya 8 ndiyo ninayotaka mkae nayo. Kuna changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Paulo angeweza kusema, “Mungu anaujua moyo wangu.” Hasemi hivyo. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asipate la kumlaumu juu ya fedha hizo. Anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume mzima anaomba kusindikizwa na mashahidi!

Kwetu hapa tuna bahasha za ahadi, tuna mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada. Taarifa ya mapato isomwe usharikani, na ya matumizi isomwe hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Mhazini asiwe shemeji wa mchungaji. Na mwinjilisti anayeulizwa risiti asijibu kwa zaburi.

Nimemaliza. Sasa maswali, yule mzee wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja shemeji.