Nyama ya "goat": michezo ya Kiingereza kwa darasa la watoto 80

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za asubuhi. Nimetoka Mbagala kwa daladala, foleni mnaijua, basi niingie moja kwa moja.

Wengine mnasubiri nitoe kadi za rangi kwenye mkoba. Sina. Nina chaki, kizibo cha soda, na mchezo ambao nyote mliucheza kabla hamjang'oka meno ya utoto.

Nani hapa hajacheza nyama nyama? Kiongozi anaita, "Nyama, nyama, nyama!" Wenzake wanaruka, "Nyama!" Akitaja mnyama anayeliwa wanaitika, akitaja asiyeliwa, wananyamaza. Acheni kila kitu kama kilivyo, badilisheni jina la mnyama tu. "Nyama ya... goat!" Nyama! "Nyama ya... cow!" Nyama! "Nyama ya... lion!" Kimya. Humuulizi mtoto maana ya neno, unamwona tu kama ameruka. Na hakuna kanuni ya kueleza. Kueleza kanuni ndiko kunakokula nusu ya kipindi.

Siku moja nikataja "pig". Nusu ya darasa wakaruka, nusu wakatulia, na mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Kitimoto!" Sikumkosoa mtu. Neno walikuwa wamelielewa wote.

Sasa kosa langu. Kuna mchezo wa amri ambao Waingereza wanauita "Simon Says": shika pua, ruka, kaa, na unatii pale tu amri inapoanza na jina la Simon. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1960 alijenga mbinu nzima ya kufundisha lugha kwa amri za namna hii: mtoto asikie kwanza, atende kwa mwili, kusema kutafuata. Mama zetu hawakumsubiri Asher. Mtoto anatumwa "lete kikombe" na anakileta, wakati mwenyewe bado hawezi kutamka kikombe.

Nikauendesha Darasa la Tatu, watoto zaidi ya 80, watatu watatu kwenye dawati. Anayekosea anakaa. Dakika tano hazijaisha, waliosimama hawafiki kumi, na ni walewale wa tuisheni. Waliokaa wameanza kusukumana viwiko. Dirishani binti mmoja anachora kwa kidole kwenye vumbi la dawati. Nikamuuliza mbona hawaangalii wenzake. "Mwalimu, mimi huwa natoka wa kwanza kila siku." Hakuwa analalamika, alikuwa ananipa taarifa.

Yaani aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye niliyemkalisha wa kwanza! Tangu hapo darasani kwangu hakuna kutoka. Anayekosea anakuja mbele na kutoa amri tatu. Wiki ya kwanza walikosea makusudi ili waje mbele. Waacheni. Anayetoa amri ndiye anayesema Kiingereza, waliobaki wanasikiliza tu.

Kizibo nacho ni cha "he" na "she". Sisi tuna "yeye" mmoja kwa baba na kwa mama, ndiyo maana mtoto anaweza kufika sekondari bado anaandika "my mother, he". Umeandika kanuni ubaoni mara ngapi? Mmoja asimame mbele, afumbe macho. Kizibo kipite chini ya madawati huku darasa linahesabu kwa Kiingereza hadi 20. Afumbue, aelekeze mkono, akisie: "She has it!" Akimwita mvulana "she", mvulana mwenyewe atamsahihisha kabla yako, tena kwa ukali.

Matamshi nayapitia haraka. Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza kina zaidi, kwa hiyo "ship" na "sheep" masikioni mwa mtoto ni kitu kimoja. Chora meli kona hii ya ubao, kondoo kona ile. Ziba mdomo kwa daftari la mahudhurio wasisome midomo, tamka, nao waelekeze mikono. Ila mwalimu ujipime kwanza nyumbani, maana wengi wetu tunapakia mizigo bandarini kwenye kondoo.

Haya, simameni. Mwalimu mwenye kitenge cha njano pale nyuma, njoo uongoze, na leo nguruwe tumwache. Nyama, nyama, nyama...