Kupaki begi la mizigo ya wanaanga hatua kwa hatua (lebo jamani, LEBO!)

Haya karibuni tena, leo tunapaki begi la mizigo la kituo cha anga za juu, yaani mfano wake, hili nimelishona mwenyewe na patani yake nauza, linki ipo hapo chini, haya tuendelee. Vipimo ni kama sm 50 kwa 42 kwa 25, saizi ya yale yenyewe kabisa, ila yale yanashonwa kwa nomeksi, kitambaa kisichoshika moto ovyo, langu ni turubai tu so msinisogezee kibiriti.

Kabla hujagusa zipu piga hesabu. Tuseme watu 4, siku 180. Chakula pamoja na vifungashio vyake weka kama kilo 1.8 kwa mtu kwa siku, inakuja kilo 1,296, eeh, tani na ushee, na hapo hujapaki hata soksi. Oksijeni mtu anatumia karibu kilo 0.84 kwa siku ila usikimbilie kujaza mitungi, kule wanaitoa kwenye maji kwa umeme, na maji yenyewe yanazunguka, mkojo, jasho, mvuke wa pumzi, vyote vinasafishwa vinanyweka tena, mwaka 2023 walifikisha asilimia 98. Ndo maana mi nafasi ikibaki naweka vichujio na pampu za akiba kuliko maji, maana pampu ikifa huo mzunguko wote umelala.

Na usihesabu siku 180 kavu! Kuanzia Oktoba 2014 hadi Juni 2015 vyombo vitatu vya mizigo vilipotea, Cygnus, Progress, halafu Dragon, miezi kama 8 tu hiyo. Waliokuwa juu hawakulala njaa kwa sababu stoo ilikuwa na akiba. Sasa fikiria Mirihi, ambako nafasi nzuri ya kurusha inarudi kila baada ya miezi 26 hivi, ukisahau skrubu ndo basi tena.

Sponji chini, vitu, sponji juu, hapo hamnihitaji. Pima begi zima sasa hivi uandike uzito, kule juu mizani ya kawaida haikuambii kitu. Kinachotakiwa kwanza kinaingia mwisho.

Sasa hapa tulia. Lebo. Begi likishaingia kwenye rafu unaona uso mmoja tu, huu wenye mkono. Lebo inakaa HAPA. Sio kwenye mfuniko. Mara ya kwanza mi nilibandika kwenye mfuniko mabegi 12, yamenyooka, nikajisifia, nikayasukuma rafuni, nikageuka kutafuta betri… naona mikono 12 inaning'inia na lebo hata moja hakuna. Nilivuta yote nje mpaka la kumi na moja ndo lenye betri. Na mi nilikuwa sebuleni, miguu iko sakafuni, huko juu ukifungua begi vitu vinakufuata usoni.

Kila kitu ndani kina namba yake, na kinafungwa na namba ya begi kwenye orodha. Ukitoa kitu unaskani HAPO HAPO, usiseme ntaandika baadaye, kule hakuna "nimekiacha mezani", kinaelea kinajiendea, unakuja kukikuta kimegandia kwenye matundu ya kunyonyea hewa.

Ngoja, kamera inalala… haya, mnaniona? Poa.

Begi likiisha usilitupe, linajazwa takataka. Progress na Cygnus zinaondoka na taka zikaungue zote angani, Dragon yenyewe inarudi baharini salama, so sampuli za utafiti zipaki huko, ukizichanganya na mabegi ya taka kazi ya miezi imekuwa majivu. Na kwenye orodha badilisha begi hilo liandikwe TAKA, kabla ya kufunga zipu, kabla!

Haya nalisukuma rafuni mwone linavyokaa… tamu hiyo… subiri. Lebo iko wapi? Aaa jamani. Nimeligeuza wakati kamera inalala, lebo imetazama ukuta. Msicheke. Nalivuta tena, na hii sikati, acha iende hivi hivi.