Anayechambua Hapiki

Habari za asubuhi, jamani. Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Nimepewa dakika 20, na umeme wa ukumbi huu mnaujua kuliko mimi, kwa hiyo naanza na ungo.

Bibi yangu alikuwa akitukalisha ukumbini na mchele: mawe tupa huku, chuya huku, chenga weka pembeni zitapikiwa uji. Hakuna aliyeturuhusu kusogea jikoni. Lakini siku tuliyochambua kwa uvivu, mezani kila mtu alijua. Kazi ninayotaka kuizungumzia leo ni hiyo ya ungo, ila kwenye programu za kompyuta. Mradi wa programu huria, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, ukishapata watumiaji, tiketi, yaani taarifa wanazotuandikia, zinaanza kumiminika: hitilafu, maombi, maswali, na wengine wanakuja kulalamika tu. Wanaoweza kuzirekebisha ni watu watatu, labda wanne, tena wana ajira zao. Baada ya miaka miwili lundo linatisha, na mtu anasema, "Tuite watu wajitolee."

Sisi tuliwaita. Mradi ninaousaidia ni mdogo, ni wa kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati. Tulikuwa na tiketi wazi 640. Tukatangaza Jumamosi moja, wakaja vijana 31, pilau ikapikwa, fulana zikagawiwa. Jioni tukahesabu: tiketi 655. (Chekeni tu, na sisi tulicheka, ila baada ya wiki.) Tulikuwa tumewaambia, "Chagua unachopenda." Kijana aliyejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, mwezi uliopita anapenda nini? Anapenda kuandika msimbo. Wakaandika, wakatuma, na hapakuwa na mtu wa kuukagua. Wengine walizunguka kwenye tiketi za miaka mitatu nyuma wakiandika "tunaomba maelezo zaidi" kwa watu walioacha kazi kwenye hizo zahanati zamani. Ilituchukua mwezi mzima kuwajibu wote, na wengi hawakurudi. Kosa lilikuwa letu.

Sasa niwape tiketi moja iliyonibadilisha mawazo. Mtunza kumbukumbu wa zahanati fulani aliandika kwamba wagonjwa wanaopokelewa usiku kati ya saa 6 na saa 9 wanahesabiwa kwenye ripoti ya jana. Aliandika kwa Kiingereza, lakini saa zake zilikuwa za Kiswahili. Mwenzetu aliyeko Ujerumani akasoma 18:00 hadi 21:00, akajaribu, akaona kila kitu kiko sawa, akaifunga: "Kwangu inafanya kazi." Ikalala miezi mitano.

Aliyeiamsha ni dada mmoja muuguzi, aliyekuwa akijitolea nasi jioni baada ya zamu, na ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Aliisoma akaguna. Akaifungua tena na kuandika: "Anamaanisha 00:00 hadi 03:00." Basi. Mjerumani akajibu usiku uleule. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya marejeo ya dunia nzima, na seva ilikuwa ikichukua tarehe kwa UTC bila kuuliza zahanati iko wapi. Mgonjwa anayefika saa 8 usiku kwetu, kwa seva bado ni jana, saa 5 usiku. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Mchango mkubwa ni ule wa muuguzi, na kumbukumbu za msimbo hazionyeshi jina lake popote.

Programu yetu imejengwa juu ya Django, programu huria ya kujengea tovuti kwa Python, kwa hiyo tulikwenda kutazama wenyewe wanafanyaje. Baadhi yenu mlikuwa Zanzibar 2023 kwenye mkutano wao wa DjangoCon Africa, au Arusha 2025, mnawafahamu. Django ilitoka kwa umma 2005, na namba za tiketi zake zimeshavuka 36,000. Tiketi mpya inaingia ikiwa "haijakaguliwa". Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuikagua, hata wewe uliyejiunga leo. Ukithibitisha kwamba tatizo ni la kweli, unaipandisha kuwa "imekubaliwa", na hapo hujamwahidi mtu kwamba itatengenezwa lini. Kama taarifa hazitoshi, unaifunga kwa sababu hiyo, mwenyewe akileta taarifa inafunguliwa.

Halafu kuna mipaka, na hiyo ndiyo niliyoipenda. Huruhusiwi kuutia alama ya "tayari kuingizwa" msimbo ulioandika mwenyewe. Tiketi iliyofungwa kwa "hatutafanya" huifungui kimyakimya kwa sababu umeudhika, unapeleka hoja kwenye mjadala wa wote. Suala la usalama haliandikwi hadharani kabisa, linakwenda kwa barua pepe ya faragha. Na tangu 2014 taasisi ya Django imekuwa ikimlipa mtu ambaye sehemu ya ajira yake ni kukagua tiketi. Hilo tulitafakari sana. Mradi mkubwa hivyo, wenye watu wengi wa kujitolea, bado uliona lazima awepo mtu mmoja asiyeweza kusema "nilibanwa na kazi".

Sisi hela hatuna. Tunacho kibarua cha zamu: kila Jumanne jioni, kwa muda wa saa mbili tu, watu sita wasizidi, wawiliwawili, na mmoja wa wenye mamlaka ya kuamua yuko mtandaoni muda wote huo. Asipopatikana, tunaahirisha. Tunaanza na tiketi mpya. Najua wengi mngeanza chini ya lundo, kwenye za zamani, kwa huruma. Lakini aliyeandika jana bado yuko mbele ya kompyuta yake na hitilafu bado inaonekana, atakujibu. Wa 2019 hayupo.

Anayetaka kazi ngumu zaidi tunampa kutafuta mabadiliko yaliyoleta hitilafu. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ina amri ya kuyagawa nusu kwa nusu: katikati inafanya kazi au haifanyi? Kwa mabadiliko 1,000 unafika kwa majaribio kama 10. Mtu anafundishwa jioni moja, na mtengenezaji anaokoa siku nzima.

Kuna waliotushauri tuweke roboti, yaani programu inayojiendesha yenyewe: tiketi ikikaa siku 60 bila neno inatiwa alama, baada ya wiki inafungwa. Tulikataa. Mtu amepoteza nusu saa kueleza shida yake, sisi ndio tuliokaa kimya, halafu kimya chetu kihesabiwe kosa lake?

Ndiyo, kaka pale nyuma. ... Anauliza kama kanuni nyingi haziwakimbizi watu wanaofanya kazi bure. Wale 31 hatukuwapa kanuni hata moja, na walikimbia. Muuguzi wetu alipewa ukurasa mmoja, akajibiwa usiku uleule, bado yuko.

Nimebakiwa na dakika tano, tuzitumie. Hiyo tiketi kwenye ukuta imeingia leo alfajiri: "Ripoti haifunguki." Maneno mawili, hakuna picha, hakuna toleo. Dada mwenye kilemba cha kijani, usiifunge kwanza. Ungemwuliza nini?