Satyajit Ray: Filamu Iliyochorwa Kabla ya Kupigwa

Ndugu zangu, hapa kwetu ukitaja sinema ya Kihindi, mawazo huenda moja kwa moja Bombay: nyimbo, ngoma, mapenzi na ngumi. Mtu ninayemzungumzia leo alifanya kazi upande wa pili wa nchi hiyo, katika jiji la Calcutta, ambalo sasa huitwa Kolkata, na karibu filamu zake zote ni za Kibengali. Ni Satyajit Ray, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1921 na kufariki tarehe 23 Aprili 1992. Baada ya mazungumzo haya tutatazama filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, yaani Wimbo wa Njia. Kisa sitakisimulia, mtakiona wenyewe. Nitaeleza jinsi ilivyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi humwelewa vibaya. Husemwa alikuwa maskini mwenye kipaji na bahati. Mimi nasema alikuwa mchoraji aliyejiandaa kwa miaka kumi kabla hajagusa kamera.

Tuanzie nyumbani kwao. Babu yake, Upendrakishore Ray Chowdhury, aliandika hadithi za watoto na alikuwa bingwa wa uchapaji wa picha kwa nukta. Mwaka 1913 alianzisha jarida la watoto lililoitwa Sandesh. Baba yake, Sukumar, alitunga mashairi ya kuchekesha ambayo watoto wa Kibengali huyakariri mpaka leo. Sukumar alifariki 1923, mwanawe akiwa na miaka 2 tu. Mtoto akalelewa na mama yake, Suprabha, lakini wino na karatasi vilikuwa vimeshaingia damuni.

Alisoma uchumi Presidency College, kisha akaenda Santiniketan, chuo alichokianzisha mshairi Rabindranath Tagore, kujifunza uchoraji kwa Nandalal Bose na Benode Behari Mukherjee. Mwaka 1943 aliajiriwa na D. J. Keymer, kampuni ya matangazo ya Waingereza mjini Calcutta, kwa mshahara wa rupia 80 kwa mwezi. Pembeni alikuwa akichora majalada na picha za vitabu kwa Signet Press. Katika kazi hizo ilimfikia riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, Pather Panchali, iliyofupishwa kwa ajili ya watoto. Alichora picha zake. Baadhi ya michoro ile ndiyo iliyogeuka kuwa shoti za filamu.

Mambo mengine matatu yakaongezeka. Mwaka 1947 yeye na wenzake, Chidananda Dasgupta akiwemo, walianzisha Calcutta Film Society ili kutazama filamu ambazo majumba ya kawaida hayakuzileta. Mwaka 1949 mwongozaji wa Kifaransa Jean Renoir alifika Bengal kutafuta mahali pa kupigia picha, na Ray akamzungusha vijijini. Mwaka 1950 waajiri wake walimpeleka London kwa miezi kadhaa, naye akatazama filamu 99. Mojawapo ilikuwa Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, iliyopigwa mitaani na watu wasio waigizaji. Akatoka ukumbini akijua kwamba hilo linawezekana. Melini, wakati wa kurudi nyumbani, alikuwa tayari anaandika mpango wake.

Sasa sikilizeni vizuri. Pather Panchali haikuwa na muswada kamili. Kilichokuwepo ni maelezo mafupi na daftari la michoro ya wino, picha baada ya picha, likionyesha kamera inasimama wapi na nani anaingia upande gani. Hilo ndilo alilowapelekea wenye fedha wa Calcutta. Walizoea kusomewa mazungumzo na kusikilizishwa nyimbo, na michoro haikuwaambia kitu. Wakakataa.

Akaanza kwa fedha zake. Aliweka rehani bima yake ya maisha, akauza sahani zake za santuri, na mkewe Bijoya akatoa vito vyake viwekwe rehani. Mpigapicha, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kuendesha kamera ya filamu. Bansi Chandragupta alishika mandhari na Dulal Dutta uhariri. Ray aliendelea na kazi ya ofisini, kwa hiyo upigaji picha ulisubiri siku za mapumziko.

Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1952. Walipiga tukio la Apu na dada yake Durga katika uwanda wa kaash, nyasi ndefu zenye maua meupe yanayoyumba kama pamba. Mtoto aliyecheza Apu, Subir Banerjee, alitakiwa atembee huku akimtafuta dada yake, lakini alikuwa akitembea kama askari wa gwaride. Kumwambia mtoto "tafuta" hakusaidii, maana hana anachokitafuta. Ray akatandaza vijiti njiani ili mguu usite, kisha akawaficha wasaidizi ndani ya nyasi, huyu kulia na yule kushoto, wamwite kwa zamu. Kila sauti ikitoka, kichwa kinageuka. Anayetazama anaona mtoto anayemtafuta dada yake.

Jumapili iliyofuata waliporudi, ng'ombe walikuwa wameshakula nyasi zote! Kaash huchanua mara moja kwa mwaka, kwa hiyo tukio likasubiri msimu wa pili. Ndipo walipopiga na treni ikipita: mmoja wao alipanda kwenye injini ili makaa yatiwe wakati ule ule gari linapoufikia uwanda, moshi mweusi upite juu ya maua meupe.

Kazi nyingi ilifanyika Boral, kijiji kilicho pembezoni mwa Calcutta. Fedha zikiisha, kazi inasimama, mara nyingine kwa miezi mingi. Na filamu ikisimama, shida kubwa ni mfululizo: watoto wanakua, nywele zinabadilika, wazee wanakufa. Mbwa wa familia alikufa katikati ya tukio, akatafutwa mwingine anayefanana naye. Tukio la mvua lilitakiwa kupigwa wakati wa masika, lakini fedha zilipopatikana masika yalikuwa yamepita, wakawa wanakwenda kila siku kuviziavizia wingu la Oktoba. Mvua iliponyesha ilikuwa ya baridi. Watoto mnaowaona wakitetemeka chini ya mti wanatetemeka kwelikweli, na baadaye walinyweshwa maziwa yenye brandi kidogo. Chunibala Devi, aliyemcheza bibi kizee Indir, alikuwa na umri wa kama miaka 80. Ray mwenyewe alisema baadaye kwamba alipewa miujiza mitatu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na bibi hakufa kabla ya kumaliza kazi. Chunibala alifariki filamu haijafika ukumbini.

Fedha za kumalizia zilitoka Serikali ya West Bengal, chini ya Waziri Mkuu wa jimbo Bidhan Chandra Roy. Kwenye vitabu ziliandikwa kuwa za uboreshaji wa barabara, kwa ajili ya jina la filamu. Zilitolewa kwa mafungu, na kila fungu lilisubiri hesabu za fungu lililotangulia.

Muziki ulitungwa na Ravi Shankar, ambaye alikuwa safarini na muda wake ulikuwa mfinyu. Alitazama sehemu ya filamu, kisha yeye na wapigaji wakakaa studio usiku kucha, takriban saa 11. Palipobaki mapengo, Mitra mpigapicha alishika sitari akayajaza. Na kuna kilio kimoja cha mama, karibu na mwisho, ambacho hamtakisikia. Ray aliondoa sauti ya mwigizaji, akaweka tar-shehnai, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde na kufungiwa mbiu kama ya gramafoni. Kinywa kiko wazi, na chombo ndicho kinacholia. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi mkubwa kuliko huo katika filamu nzima.

Filamu ilionyeshwa kwanza Museum of Modern Art, New York, Mei 1955, bila tafsiri yoyote chini ya picha, kwa sababu muda haukutosha. Agosti mwaka huo ikaingia Calcutta. Mwaka 1956 tamasha la filamu la Cannes liliipa tuzo kama hati bora ya kibinadamu. Aparajito, iliyofuata na kuendeleza kisa cha Apu, ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1957.

Kwenye Aparajito kuna jambo la kiufundi ambalo wapigapicha waliopo hapa watalipenda. Nyumba za Benares, mji ambamo sehemu ya filamu hiyo inatokea, zina ua katikati, na mwanga hushuka kutoka angani tu, laini, bila vivuli vikali. Kwa kuogopa mvua, iliamuliwa ua ujengwe studioni. Mitra alipinga. Alijua kuwa taa za studio zikining'inizwa juu zitatupa vivuli vingi, kila taa na chake, na uongo utaonekana papo hapo. Aliposhindwa hoja, akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua mzima, akazielekeza taa kwenye kitambaa badala ya waigizaji. Mwanga ukagonga kitambaa, ukatawanyika, ukashuka kama wa mbingu. Gharama yake ni kwamba mwanga mwingi hupotea njiani. Faida ni kwamba huwezi kutofautisha ua wa studio na ule wa Benares. Leo njia hii hutumika kila mahali, na wengi hawajui kwamba mwaka 1956 kijana wa Calcutta aliifikia mwenyewe.

Yaliyofuata ni mengi, nitayapitia haraka. Kuanzia Teen Kanya, 1961, Ray alitunga muziki wake mwenyewe. Maandalizi aliyaandika kwenye kheror khata, daftari la jalada la kitambaa chekundu wanalotumia wenye maduka: mazungumzo, nguo, michoro na hata noti za muziki, yote humo. Katika Charulata, 1964, dakika kama saba za mwanzo karibu hazina neno. Mwanamke anahama dirisha hadi dirisha akiwatazama wapita njia kwa darubini ndogo ya mkononi, na upweke wake tumeshaujua. Katika Goopy Gyne Bagha Byne, 1969, hadithi ya babu yake, ngoma ya mizimu ina makundi manne, kila moja na chombo chake cha mdundo kutoka India ya kusini. Mizimu ya Wazungu ilipigwa kwa picha chache kwa sekunde ili iende kwa kushtukashtuka. Ashani Sanket, juu ya njaa ya 1943, ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 1973. Moyo ulimwangusha akiwa katikati ya Ghare Baire, mwanawe Sandip akasaidia kuimaliza. Baadaye madaktari walimkataza kupiga filamu nje ya studio, na Ganashatru ya 1989 inauonyesha ufungwa huo: watu wanakaa, wanasema. Agantuk, ya mwisho, ni bora zaidi. Oscar ya heshima aliipokea 1992 akiwa kitandani hospitalini.

Nakala mtakayoiona sasa ina historia yake. Mwaka 1993 maabara moja ya London iliungua, na negativu za awali, yaani mikanda iliyotoka kamerani, za filamu tatu za Apu (Pather Panchali, Aparajito na Apur Sansar) zilikuwa humo. Mabaki yalihifadhiwa. Mafundi wa Bologna waliilainisha mikanda iliyokakamaa, wakakwangua gundi iliyoyeyuka, wakajenga upya matundu ya pembeni kwa mkono. Palipoungua kabisa walijaza kutoka nakala nyingine, na kazi ikatoka 2015.

Taa zitazimwa sasa hivi. Mtamwona muuza mithai mnene, watoto wawili na mbwa wakimfuata nyuma. Mbwa alikataa kufuata, mpaka Durga alipoficha kipande cha mithai mkononi, nyuma ya mgongo. Muuza mithai naye alifariki kabla tukio halijaisha. Anayetoka kwenye mianzi ni yeye, na anayeingia langoni kwa tajiri, mgongo ukiwa kwetu, ni mtu mwingine.